Shimo Lililofagiwa

Kanze hakujua kutulia. Akiinjika chungu, hufunua kifuniko mara kumi kabla maji hayajatokota, na akipanda mahindi, siku ya tatu hufukua mbegu aone kama imechipua. Majirani zake wa Vipingo walimtania kwa hilo, lakini hakuwa mvivu hata chembe, ndiyo maana wakamchagua awe mwenyekiti wa kikundi chao.

Kikundi hicho kilikuwa na kazi moja, kurudisha msitu ndani ya shimo. Kwa miaka mingi watu walikata mawe ya kujengea pale, hadi mawe mazuri yakaisha, likabaki shimo jeupe lisilo na udongo wa kujaza hata kiganja. Mwenye shimo, Bi Anjana, alikuwa ameombwa na wazoa taka awakodishe. Akawaambia wanakikundi, "Nawapa miaka mitatu, hadi mwisho wa Desemba ya mwaka wa tatu. Mkinionyesha kuwa miti ya asili yaweza kuishi hapa, shimo ni lenu. Mkishindwa, nitawapa wazoa taka." Nyumba ya Kanze ilikuwa hatua ishirini tu kutoka ukingoni. Taka zikija, moshi na uvundo vingekuwa wageni wake wa kila siku.

Aliyeijua njia ni mzee Sanga, mjomba wake, aliyekata mawe humo enzi za ujana. Walianza na mivinje, maana mvinje huota hata mwambani. Majani yake yalipopukutika, Sanga alileta majongoo kwa ndoo kutoka vichakani, nao wakayala na kuyageuza udongo mweusi. Mwaka wa tatu ulipoingia, udongo ulikuwa umefika kina cha kidole. Kenge walirudi, na asubuhi moja nyayo za paa zilionekana chini ya mivinje.

"Tupande miti ya asili sasa, mjomba, ile mibambakofi," Kanze alisema.

"Bado, mwanangu. Masika yaje kwanza, udongo ushikane. Mbambakofi si mchicha."

Roho ya Kanze ilikuwa juu juu. Mwezi wa Februari aliona lori la taka likipita barabara kuu, likielekea kwingine kabisa. Kesho yake alimpigia simu Bi Anjana bila kumshauri mtu, akamwalika aje Jumamosi.

Ijumaa Sanga alikwenda hospitali Kilifi kupimwa macho. Kanze akawaita kina mama wa kikundi. Mgeni hapokewi kwenye uwanja mchafu. Hivyo ndivyo walivyolelewa wote. Wakainama na fagio zao, wakafagia shimo zima, majani yote na udongo mweusi wa chini yake wakavirundika na kuvichoma, majongoo wakiwa ndani. Kisha wakatoa miche mia ya mbambakofi kitaluni, wakaitobolea mashimo mwambani na kuipanga kwa mistari. Shimo likapendeza kama ua wa arusi. Jioni ile Kanze alikaa kitako kwa raha, jambo ambalo hata yeye lilimshangaza.

Bi Anjana alifika saa nne, jua limeshakuwa kali.

"Shikamoo, Bi Anjana."

"Marahaba. Mbona umeniita mapema?"

"Mambo yameiva, ndiyo maana."

Bi Anjana alipita kati ya mistari. Majani ya miche yalikuwa yameanza kujikunja. Aliushika mche mmoja, akauvuta kwa vidole viwili, ukatoka na bonge lake la udongo wa kitaluni. Chini yake palikuwa na jiwe tupu.

"Mjomba wako aliniambia mna udongo," alisema. "Huo ndio niliotaka kuuona. Uko wapi?"

Sanga, aliyerudi asubuhi hiyo na kusimama kando ya Kanze, alinyoosha kidole kwenye rundo la majivu. "Ulikuwa ule," akasema.

"Tutaanza upya," Kanze alisema, machozi yakimlengalenga. "Desemba haijafika."

"Udongo wa miaka miwili utaupata kwa miezi kumi? Mimi sikuwa na haraka, Kanze. Ningengoja."

Januari malori yalianza kuteremka shimoni. Kanze alifunga madirisha yote, na moshi ukapenya vivyo hivyo, watoto wakakohoa hadi alfajiri. Majirani hawakumlaumu mbele yake. Hapakuwa na haja. Ulikuwa umebaki msimu mmoja tu wa mvua, akashindwa kuungoja. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.