Koti la Bwana Mtengeti

Katika kiwanda kimoja kidogo cha kushona sare za shule alikuwapo msimamizi, Bwana Mtengeti, aliyefoka tangu asubuhi mpaka mafundi wakasahau hata kutunga uzi kwenye sindano. Aliyeonewa zaidi alikuwa Zaituni. Usingizi ulimpaa kila usiku kwa mawazo, na alipoomba ruhusa ya kwenda kwa daktari, Mtengeti alimwambia, "Mawazo si ugonjwa. Shona."

Siku moja Mtengeti aliitwa mjini. Akalitundika koti lake kwenye kiti chake, akasema, "Koti hili ni mimi. Liogopeni kama mnavyoniogopa."

Fundi mwenzake Zaituni, Chausiku, akauliza kwa upole, "Na mwenye shida, bosi, aliambie koti?"

"Aliambie," Mtengeti akajibu, akaondoka akicheka.

Aliporudi jioni, cherehani ya Zaituni ilikuwa imefunikwa na mwenyewe hayupo.

"Nani kamruhusu?"

"Wewe, bosi," Chausiku akasema. "Alisimama mbele ya koti, akaomba vizuri kwenda kwa daktari. Tukakungoja ukatae, hukukataa. Tukasema leo bosi kaamka na roho nzuri."

"Koti litakataaje? Kwani lina mdomo?"

"Halina," Chausiku akasema, akimwonyesha sare zilizopangwa mpaka usawa wa dirisha. "Ndiyo maana hata kazi ya kesho imekwisha. Ukipata safari nyingine, bosi, tuachie koti tu."