Viitikio vya Mama

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na meza moja tu yenye kompyuta, nayo ilikaliwa kwa zamu. Asubuhi ilikuwa ya dada mkubwa, mtaalamu wa kompyuta aliyesifika mtaa mzima. Mchana mdogo wake alikalia kiti kile kile, akaandika katika mashine ile ile nyimbo ambazo marehemu mama yao aliwabembelezea. Mdogo huyo, aliyepewa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, ndiye pekee aliyezihifadhi zote kichwani. Mama alipokuwa akiziimba, dada mtu alikuwa shule ya bweni. Walipatana Chiriku aandike, dada akague, kisha kitabu kipigwe chapa, ili watoto wao wasimjue bibi yao kwa picha tu.

Lakini kila asubuhi dada alipolifungua faili la nyimbo, alikuta kila wimbo umebaki na kiitikio mara moja tu. Beti zilizofuata zilikuwa uchi.

"Chiriku, viitikio viko wapi?"

"Vipo, dada. Nimeviandika mpaka vidole vimeota sugu."

"Basi vimeota na mabawa?"

"Labda mashine yako ina njaa. Ilishe wali!"

Dada hakucheka. Alisaka virusi, hakuona hata kimoja. Aliiondoa programu ya kuandikia, akaiweka upya na mipangilio yake ya zamani. Chiriku aliandika tena, na kesho yake viitikio vikatoweka tena. Ndipo dada alipoamini kwamba mdogo wake anategea.

Siku mjomba wao alipokuja kuwajulia hali, uvumilivu ulimwishia.

"Mashine haisemi uongo, mjomba. Huyu ni mvivu! Kama angempenda mama, asingemkata ulimi hata kaburini."

"Taratibu, mwanangu," mjomba alisema, lakini neno lilikwisha kutoka.

Chiriku aliinuka. Alifungasha nguo zake, akahamia kwa shangazi.

Dada akaamua kujaza mapengo mwenyewe. Alirudia kila kiitikio mahali pake, akalifunga faili, akaenda kunywa maji. Aliporudi na kulifungua, viitikio havikuwepo. Hakuna mwingine aliyeigusa mashine.

Alianza kuzizima plagini, vile vijiprogramu vya ziada alivyokuwa ameviongeza katika programu yake ya kuandikia, kimoja kimoja, kila mara akivirudisha viitikio, akilifunga na kulifungua faili. Alipokizima kimoja, viitikio vilisalia. Kilikuwa kile alichokiweka ili kifute majina yaliyojirudia katika orodha za ofisi. Zamani kilibisha hodi kabla ya kugusa faili lolote. Maswali yake yalimkera kama mbu sikioni, naye akabonyeza: "Ruhusu daima, mafaili yote." Tangu hapo kila faili lilipofungwa kiliingia bila hodi, na kila mstari uliojirudia kikauona takataka. Nacho kiitikio kazi yake ni kujirudia!

Alimpigia mdogo wake simu huku machozi yakimtiririka, akamweleza yote.

"Nimekusamehe, dada," Chiriku alisema.

"Basi rudi, mdogo wangu. Umebaki ule wimbo wa mwisho, nami siujui."

Chiriku alijaribu kuuimba palepale, akakwama.

"Sauti haitoki, dada. Nikianza tu, nayasikia maneno yako. Si kwamba nimekataa."

Dada alimsubiri kadiri alivyoweza. Mwishowe kitabu kilichapwa bila wimbo ule, na siku ya kukizindua watoto waliimba nyimbo zilizokuwemo, viitikio vyote mahali pake. Chiriku alihudhuria, akawapigia makofi, ila hakufungua kinywa. Dada mtu alimtazama, moyo ukimchoma. Plagini aliizima kwa kubonyeza mara moja. Neno lake hakujua pa kulizimia. Alikuwa amemsaka mharibifu kitini pa mdogo wake, ilhali alimfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.