Sufuria Tatu Kando ya Mto

Nina kisa ulimini.

*Kidondoshe tukiokote.*

Kinaanguka.

*Kianguke taratibu.*

Zamani, zamani sana, walikuwako marafiki watatu: Ngiri, Mbuni na Nungunungu. Walisikia kwamba nyuma ya vilima kuna mto mzuri, wenye kivuli na nyasi laini. Wakasema, "Twendeni kwa miguu, tukapige kambi huko."

Wakakaa kikao kupanga safari. Wakabishana nani awe kiongozi. Mbuni akasema, "Mimi nina shingo, naona mbali." Ngiri akasema, "Mimi nina pua, nanusa njia." Jua likazama.

Kikao cha pili wakabishana wimbo gani waimbe njiani. Jua likazama.

Kikao cha tatu wakabishana nani alale katikati ya turubai. Nungunungu akasema, "Mimi ndiye nasikia baridi."

Wenzake wakaitazama miiba yake. "Mwenzangu, wewe utalala nje," Mbuni akamwambia. Nungunungu akanuna. Jua likazama.

Siku ya safari kila mmoja akafunga mzigo wake kwake. Ngiri akatia sufuria, akasema moyoni, "Unga wataleta wenzangu." Mbuni akatia sufuria, akasema moyoni, "Unga wataleta wenzangu." Nungunungu naye akatia sufuria, akasema moyoni, "Unga wataleta hao wanaojiona."

Wakapanda vilima, wakateremka vilima, njaa ikawauma. Walipofika mtoni wakawasha moto, wakafungua mizigo. Sufuria. Sufuria. Sufuria.

"Unga uko wapi?" Ngiri akauliza.

"Si unao wewe?" Mbuni akasema.

"Mimi nilijua anao Nungunungu."

"Mimi nimenuna tangu juzi," Nungunungu akasema. "Nani aliniuliza?"

Wakapigizana kelele mpaka Mamba akatoka majini. "Hamjambo, wageni? Mnapika nini?"

"Hatuna cha kupika, mzee," Ngiri akajibu.

Mamba akazungusha macho. "Moto upo. Maji yapo. Sufuria ndizo zimezidi. Hapa imekosekana nyama tu." Akamkazia macho Ngiri, aliyenona kuliko wote.

Ngiri akatetemeka mpaka sufuria yake ikalia kama kengele. Nungunungu alipomwona rafiki yake hivyo, akasahau kununa. Akasogea mbele. "Mzee, huyo ni mafuta matupu, atakuvuruga tumbo. Anza na mimi." Akageuka, akampa mgongo.

Mamba akauma. Mdomo ukajaa miiba. Akarudi majini kinyumenyume akilia, "Aaa, aaa," maana hata kuufumba hakuweza.

Marafiki wakatimua mbio, sufuria kichwani. Ya Ngiri ikamshuka mpaka machoni. Akagonga mti, akasema, "Samahani, mama." Akagonga mwingine, akasema, "Samahani, baba."

Walipopoa wakakaa kikao kingine. Safari hii hakuna aliyetaka uongozi. Waliulizana jambo moja tu: nani analeta nini? Ngiri akasema unga. Mbuni akasema kunde. Nungunungu akasema sufuria, tena moja. Wakaenda kwenye mto mwingine, wakala ugali mpaka kilima cha kurudia kikawashinda, wakabaki huko siku ya pili.

Basi, nyie mnaosikiliza, mkipanga safari msiwekeane mambo moyoni. Semeni kwa mdomo, kila mtu ajue anabeba nini.

Kisa kimefika chini. Aliyekiokota ni chake.