Jini Aliyependa Joto la Uwatu

Alitawala katika mji wa Rasi Zumari sultani aliyeitwa Kahtani bin Jabali, mwenye majumba ya marumaru na mabustani na ndege wasemao lugha za watu, na ndege hao walilishwa vizuri kuliko raia, na walipewa kazi bila kuulizwa cheti. Na katika mtaa wa mafukara alikaa kijana Shaweji, aliyehitimu utabibu katika chuo cha Sultani mwenyewe, na kila asubuhi alisimama langoni mwa kasri, ijaza yake mkononi.

"Una uzoefu?" humuuliza bawabu.

"Nitaupata wapi, na kazi hamnipi?"

"Basi rudi ukiwa nao, daktari."

Na wapwa wa Waziri hupita ubavuni mwake bila kuulizwa hata jina. Hiyo ndiyo koneksheni, nayo chuoni haifundishwi.

Mgonjwa wake alikuwa mmoja tu, mama yake, Bi Zaituni, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. Shaweji huyapitisha majani ya mbarika juu ya moto mpaka yanyong'onyee, akayabandika yangali vuguvugu, akafunga kitambaa kwa fundo la pembeni ili lisimchome. Na maumivu hutulia kidogo, kisha hurudi. Uvimbe ule ulitaka uwatu na asali, vitu vya wenye navyo. Na bila hivyo, elimu yake ilimwambia wazi, sumu ingepanda na mama angekufa.

Ikawa Sultani akaota jipu mgongoni, kubwa kama fenesi changa, na wapwa wa Waziri wakabandika hiki na kile, na jipu likawacheka, tena kwa sauti, kwani ndani yake alikaa jini. Mnadi akatangaza kwamba atakayemponya Sultani ataozwa binti yake, Sitti Durra, na atakayeshindwa atakatwa kichwa. Shaweji akaenda, maana kichwa chenyewe kilikuwa hakijamfaa kitu.

"Ewe maulana," akasema akiinama, "binti simtaki. Nataka uwatu na asali kwa ajili ya mama yangu, sasa hivi, kabla sijakugusa."

"Mama atasubiri," akadakia Waziri. "Wewe nani hata umpange Sultani foleni?"

Basi Shaweji akatwanga uwatu wa kasri, akaupika na unga wa mtama na habasoda mpaka ukawa uji mzito, akatia asali, akapaka kwenye kitambaa cha kitani, akajaribu joto kwenye kiwiko chake, akabandika na kufunga. Na jini akanena toka jipuni:

"Marhaba, ya sayyidi! Nani huyu aliyenikumbuka? Humu ndani ya mfalme kuna baridi, wee acha tu! Nahamia kitambaani."

Jipu likapasuka, na Sultani akaketi mzima.

Sasa, ada ya matabibu wa mji ule ni kwamba kitambaa kilichovuta ugonjwa huzikwa na tabibu kwa mkono wake, kabla hajala wala kunywa. Na ada ya kasri ni kukitupa njia panda, mtaa wa mafukara, ili atakayekigusa aubebe yeye. Shaweji akanyoosha mkono akichukue, na Sultani akaudaka mkono ule akauvisha pete.

"Mkwe wangu! Avaaye pete hii haingiliwi na jini, wala haivuliki mpaka kufa. Kadhi aje!"

Na Waziri akampa mtumishi kitambaa. "Peleka pale pa kawaida."

Bi Zaituni alikuwa amesikia vigelegele, akajikokota kwenda kumwona mwanawe. Pale njia panda akaona kitambaa cha kitani, kingali na joto, kinanukia asali, kina fundo la pembeni.

"Mwanangu kanitangulizia dawa," akasema, akakaa chini akajifunga, kwa kuwa nyumbani kwao asali haitupwi.

Shaweji alipomkuta, mtungi wa asali ukiwa kwapani, mguu ulikuwa mweusi hadi pajani.

"Dawa nzuri, baba," mama akamwambia. "Lakini mbona kuna mtu anazungumza humu ndani?"

"Toka!" akalia Shaweji. "Ingia kwangu!"

"Wallahi ningekuja," akasema jini, kwa huruma ya kweli, "lakini una pete. Na hapa, ndugu yangu, pana joto. Sijapata kukaa mahali penye joto namna hii."

Shaweji akaivuta pete mpaka ngozi ya kidole ikatoka, na pete isitoke. Bi Zaituni akamshika mkono.

"Acha, baba, unajiumiza. Na wewe nani atakubandika?"

Hakusema tena. Na jini akabaki humo mpaka mwili ulipopoa, ndipo akahama.

Wakamzika, na ndoa ikapita, kwani pilau ya Sultani ilikuwa imeshapikwa. Na Shaweji akapata majumba na dhahabu na cheo cha tabibu mkuu, na bawabu sasa humwinamia hadi chini. Sitti Durra, mtu mwema masikini, humkanda kidole kwa maji ya vuguvugu, na kidole hakiponi.

Na funzo la hekaya hii, wanaohubiri subira wabaki nayo wenyewe: maumivu ya wakubwa hayaponywi, huhamishwa tu, na mtaa wa kuyapokea unajulikana. Hapo ndipo maneno yalipoishia, na aliyesikia amesikia.