Insha ya Nakijwa

"Panga kurasa kabla hujamlaumu mwandishi." Mmemsikia mama yenu akisema hivyo leo, nanyi mnaniuliza ni nani aliyeanza kuisema. Methali hii, wajukuu zangu, ilizaliwa na kosa langu mimi.

Nilikuwa kijana, nafundisha fasihi kidato cha tatu katika shule moja hukuhuku Upareni. Darasani kulikuwa na msichana aitwaye Nakijwa, binti wa mkulima wa tangawizi. Alikuwa mkimya, lakini riwaya akiishika huisoma hadi ichakae. Baba yake alikuwa amemwambia waziwazi: "Ukishindwa mwaka huu, utarudi shambani, na mdogo wako ndiye atakayesoma." Habari hiyo niliijua.

Muhula wa mwisho nikawapa insha ya uhakiki: je, mhusika mkuu wa riwaya yetu aliangushwa na jamii au na tabia yake mwenyewe? Niliwasisitizia mpangilio. Utangulizi uwe na msimamo, kila aya ibebe hoja moja na ushahidi wake kutoka kitabuni, kisha lije hitimisho. Insha hiyo ndiyo iliyokuwa na alama nyingi.

Siku niliyozikusanya, nilianguka na baiskeli kwenye mteremko, karatasi zikatawanyika topeni. Nikaziokota harakaharaka, nikalinganisha miandiko, nikazibana upya kwa pini. Sikumwambia mtu. Niliona aibu.

Insha ya Nakijwa ilinishangaza. Ilianza na "Kwa hiyo, kama nilivyoonyesha," ikarukia katikati ya sentensi nyingine, utangulizi ukaja mwisho kabisa. Sikujiuliza lolote. Nilimsimamisha mbele ya wenzake.

"Nakijwa, umeanza na mkia ukamalizia na kichwa. Huu ni uhakiki au makande?"

Darasa likaangua kicheko.

"Samahani, mwalimu, naomba nizione hizo kara..."

"Kaa chini! Mimi nimeshazisoma."

Nikampa alama nane kwa mia. Akashindwa mwaka ule, na shule ilipofunguliwa Januari hakuonekana.

Wiki chache baadaye nilikuwa nikisafisha kabati la ofisini. Pini ya insha yake ikachomoka, karatasi zikaanguka sakafuni. Nilipoziokota nikaona sentensi iliyokatika chini ya karatasi moja inaendelea juu ya nyingine. Nikazipanga mezani, nikasoma nikiwa nimesimama. Kila aya iliipokea iliyotangulia. Kila dai lilikuwa na ushahidi wake. Sijapata kusoma insha ya mwanafunzi iliyopangika vile, kabla wala baada ya hapo.

Siku hiyohiyo nilipanda mlima hadi kwao. Nilimkuta shambani, jembe mkononi.

"Shikamoo, mwalimu."

Niliitikia. Nikamweleza yote, hata habari ya baiskeli.

"Nililiona tope," akasema. "Nilipokupa karatasi zangu hazikuwa na tope. Ndiyo maana niliomba nizione."

"Rudi shule, mwanangu. Nitazungumza na baba yako."

"Mdogo wangu ameshaanza kidato cha kwanza. Nikirudi mimi, yeye ataletwa hapa." Akaegemea jembe. "Ungepanga kurasa kwanza, mwalimu, ndipo unilaumu."

Hakusema kwa hasira. Laiti angenitukana.

Kesho yake nilisimama mbele ya wanafunzi walewale, nikaisoma insha yote kwa sauti, nikawaeleza nililofanya na alilonijibu Nakijwa. Safari hii hakuna aliyecheka. Wakayabeba maneno yake majumbani, yakaenea, hata wasiojua kusoma wakawa wanayatumia wanapowapatanisha ndugu. Wengi hawajui yalitoka kinywani mwa nani. Yeye amezeekea kwenye tangawizi, na mimi nilizeekea kwenye ualimu, nikisahihisha insha za watoto wa wenzake.

Basi mtu akiletwa mbele yenu na mambo yake yamevurugika, ulizeni kwanza ni mkono wa nani ulioyavuruga. Huenda ukawa wenu. Panga kurasa kabla hujamlaumu mwandishi.