Minazi Sitini na Minne

Mnazi haukuni nazi. Jana mlimsikia mke wa mjomba wenu Hamdu akimwambia mumewe maneno hayo. Hamdu alikuwa amekaa barazani na simu yake, akitusomea ni vyumba vingapi vya kupangisha vitaitosha familia yake ili aache kazi kabla hajafika miaka arobaini. Vyumba vinane, alisema. Yule mama akamjibu kwa methali hiyo, akaingia ndani, Hamdu akacheka, nanyi mkabaki mnatazamana. Leo mnaniuliza ilitoka wapi. Mmemuuliza mwenyewe, maana ilitoka uani kwetu Mwambatini, na aliyeitamka mara ya kwanza ni mama yangu mzazi. Ilianza hivi.

Baba yangu Machano alikuwa mkwezi wa minazi. Watu walimwita kuangua nazi zao na kumlipa kwa nazi, moja kwa kila mnazi aliokwea. Hakuwa mvivu, msije mkamdhania hivyo. Kwa siku alikwea minazi thelathini na kurudi nyumbani kifua kimechubuka. Mwenzake wa kazi aliitwa Faki. Siku moja, mimi nikiwa mtoto wa miezi michache, Faki aliteleza mbele ya macho ya baba akaanguka. Hakufa. Alilala kitandani miaka iliyobaki, akigeuzwa ubavu na mkewe.

Baba aliporudi kutoka kumtazama Faki alikaa uani akaomba vifuu. Alikuwa na miaka thelathini. Akamwambia mama kwamba hatangoja mnazi umwangushe, atashuka mwenyewe mapema. Alichotaka kujua ni familia yetu inahitaji minazi mingapi iliyo yetu ili aweze kushuka na asikwee tena. Kisha akaanza kupanga vifuu chini, kifuu kimoja mnazi mmoja, na mama amesimama kando na mimi mgongoni. Mama alinisimulia hayo mara nyingi, ndiyo maana nayajua kana kwamba niliyaona.

Mnazi uliotunzwa vizuri, alisema baba, hutoa nazi hamsini kwa mwaka. Sisi ni watu watano, yeye na mama, kaka zangu wawili na mimi. Nazi mbili za kupikia kila siku, hiyo ni minazi kumi na mitano. Mchele na samaki, minazi thelathini, kwa kuwa mnazi hutoa mafuta, hutoa kamba, hutoa makuti, na vyote hivyo vinauzika. Nguo na mafuta ya taa, sita. Harusi, ugonjwa na maziko, mitano. Akaongeza minne ya kumlipa kijana atakayekwea badala yake. Mwisho akamkumbuka chonga, yule mdudu anayekula kilele cha mnazi mpaka ukafa, naye akamwekea minne yake. Jumla sitini na minne.

Sikilizeni vizuri hapo. Kazi yake mwenyewe aliiwekea ujira, kwa sababu aliijua. Mdudu alimwekea fungu. Mama alikuwamo katika hesabu ile kama mdomo wa kulishwa, basi. Lakini siku hiyo hata mama hakuliona kosa. Alichosikia ni maneno ya mwisho ya baba, kwamba siku minazi itakapotimia watapumzika wote wawili. Mama aliyashika maneno hayo akayatia moyoni.

Tulikuwa na minazi ishirini ya urithi. Arobaini na minne iliyobaki walihangaika nayo miaka kumi na miwili. Mingine baba aliipanda, mingine aliinunua kwa watu waliobanwa na shida, kwani kwetu mtu huweza kuuza mnazi na kubaki na ardhi yake. Ili nazi zisipungue, nyumba ya mkwezi ikawa inakula chukuchuku. Mchuzi bila tui, muhogo wa chumvi, wali mkavu siku za sikukuu. Jirani zetu wenye minazi mitatu walikula kwa tui, sisi tukinusa harufu ya vyungu vyao. Mama hakunung'unika. Alikuwa akihesabu naye, miti thelathini na minane, arobaini na mmoja, hamsini.

Na alikuwa akifanya kazi. Nyinyi mmezaliwa na kamba za nailoni, hamjui kamba ya kumbi inavyopatikana. Maganda yale ya nazi huzikwa kwenye tope la pwani, juu yake mawe, yaozee humo miezi minne. Kisha unayafukua maji yakiwa yamekupwa, yananuka mpaka nywele zako zinanuka, unayaponda kwa gongo mpaka nyama yake itoke na nyuzi zibaki, unaziosha, unazianika, halafu unasokota kwenye viganja mpaka ngozi inachunika. Kabla ya hayo mama alikwisha kufua nazi, akazikuna, akakamua tui na kulichemsha hadi likatoa mafuta. Makuti alisuka jioni, ndiyo mapumziko yake. Kamba zake peke yake zilinunua minazi kumi na tisa. Naijua, ningeweza kuwaonyesha mmoja mmoja kama ingekuwa bado imesimama.

Mnazi wa sitini na nne ulianza kuzaa baba akiwa na miaka arobaini na miwili. Akasoma dua, akawaita wanaume wa mtaa, na siku hiyo mama akapika wali wa nazi tukala mpaka tukaugua. Baba akawaeleza wageni hesabu yake kifungu kwa kifungu. Walimsifu sana. Mkwezi kushuka na miguu yake mizima, tena mapema hivyo, lilikuwa jambo halijaonekana Mwambatini.

Kuanzia kesho yake baba alihamia barazani. Aliamka, alikunywa chai, alicheza bao, alilala mchana. Kijana aliyekodiwa alikwea na kuangua, na nazi zikawa zinafika uani kwetu kwa mikokoteni. Zamani mama alishughulika na nazi za minazi michache, nyingine tuliziuza nzima au kuziotesha. Sasa zote zilitakiwa kuwa mafuta na kamba, maana ndivyo hesabu ilivyosema. Mama akawa anashuka pwani kila maji yanapokupwa, na kaka zangu walipokua wakaenda mjini kutafuta maisha.

Alivumilia hivyo mwaka na nusu. Siku moja alirudi na tope mpaka mapajani, akasimama mbele ya baraza. Mimi nilikuwa nachambua mchele mlangoni. Wageni hawakuwapo, na nadhani alingoja makusudi wasiwepo.

"Baba Mize," alisema, kwani walikuwa wakiitana kwa jina langu, "uliniambia minazi ikitimia tutapumzika."

"Na ndiyo tunapumzika."

"Mimi napumzika lini?"

Baba alimtazama kwa mshangao wa kweli. Naapa hakuwa akimdhihaki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi nilipopata akili. Alitafuta jibu, akalipata.

"Mama Mize, wewe hujakwea mnazi hata siku moja. Sasa utashuka kutoka wapi?"

Mama hakugombana. Alimwomba amtajie tena hesabu yake, na baba, aliyependa kuitaja, akaanza. Kumi na mitano ya chungu. Thelathini ya mchele na samaki.

"Hiyo thelathini," mama akamkata, "inageukaje kuwa mchele?"

"Inatoa mafuta na kamba, tunauza. Si unajua?"

"Inatoa?"

"Inatoa."

Mama aliitazama mikono yake, akaipangusa kwenye kanga. Kisha akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto, "Baba Mize, mnazi haukuni nazi."

Akapita, akaenda kuoga.

Mnadhani baba alifikiri? Alicheka. Jioni aliwasimulia wenzake kwenye bao, nao wakacheka mpaka kete zikamwagika. Mnazi haukuni nazi! Likawa neno la mji. Mwanamume akimwona mkewe amechelewesha chakula, humwambia mnazi haukuni nazi, na watu hucheka. Ndivyo methali yenu ilivyozaliwa, wajukuu zangu, kama mzaha wa wanaume juu ya mama yangu. Hamdu, wewe jana ulicheka kicheko kilekile.

Mwaka uliofuata vidole vya mama vilikataa kukunjika. Kwanza kulia, halafu kushoto. Gongo likawa linamponyoka, mbuzi ya kukunia nazi ikawa inamkata. Alipakwa mafuta ya mkaratusi, akafungwa majani ya moto, haikusaidia. Nazi zikarundikana uani zikaanza kuota.

Sasa baba akawa na la kufanya. Angeweza kuuza nazi nzima kwa bei ndogo na kula kidogo. Angeweza kulipa wanawake wa kuponda. Alitoa vifuu vyake, akapanga, akapangua, na kila alipoweka ujira wa mfuaji, wa mkunaji, wa mpondaji na wa msokotaji, minazi sitini na minne haikufika. Ilitakiwa kuwa mia na zaidi. Maana yake ni kwamba hakuwa amefika wakati wa kushuka, na alikuwa ameshuka kwa kukanyaga bega la mtu. Nilimwona akivitazama vile vifuu muda mrefu. Alielewa. Msiniambie hakuelewa. Kisha akavikusanya, akaniita.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la saba, wa pili katika darasa zima. Mwalimu Shaame alikuja nyumbani mara mbili kumsihi aniache nimalize japo mwaka ule. Baba alimkaribisha vizuri, akamtilia chai, akamwambia hesabu haina nafasi. Kwenda pwani yeye mwenyewe na kuponda makumbi hakukumpitikia, kwa kuwa ile haikuwa kazi ya mwanamume.

Basi nikaponda mimi, kabla ya kuolewa na hata baada yake. Mama alikaa karibu yangu akinielekeza kwa mdomo. Mchana nilikuna nazi, nikapika wali wenye tui zito, ule alioukosa miaka kumi na miwili, na nikamlisha kwa mkono wangu, tonge kwa tonge, kwa sababu vidole vyake havikuweza kulishika. Mara nyingine machozi yalimtoka akiwa anatafuna. Alifariki nikiwa na mtoto mmoja. Baba aliishi mpaka miaka themanini na mmoja, mgongo umenyooka. Sikumsamehe. Nilimwuguza, nikamfulia nguo, nikamwombea dua, lakini kusamehe sikusamehe, na nikiwadanganya nitakuwa nimemkosea mama.

Matangani kwa baba wanaume walikaa nje, sisi wanawake ndani, kati yetu pazia. Mzee mmoja akaanza kumsifu marehemu. Akasema Machano alikuwa mtu wa akili, alipiga hesabu moja tu maishani mwake, na minazi yake ikamlisha miaka thelathini na tisa bila yeye kunyanyua mkono. Wengine wakaitikia kwamba kweli, minazi ilimlisha.

Si desturi mwanamke kupaza sauti matangani. Niliinuka, nikalishika lile pazia, nikalisogeza, wakaniona. Nikawaambia neno lao wenyewe, lile walilochekea miaka yote, na safari hii hakucheka mtu.

Mnazi haukuni nazi.