Zamu ya Chausiku

Kwenye mizani ya serikali ya kupimia malori, msimamizi Lukindo alijitwalia zamu za mchana mwezi nenda mwezi rudi, eti yeye ndiye mkongwe. Msimamizi mwenzake akaachiwa usiku. "Si unaitwa Chausiku?" alimcheka.

Kikaoni, mbele ya mkuu wao, Chausiku akasema, "Mkongwe ni mimi. Kaka Lukindo alinikuta hapa."

"Nikukute wewe, kitoto?" Lukindo akafoka. "Naanza kazi hapa nina mke na watoto watatu, wewe hujaota hata meno!"

"Kumbe! Shikamoo, babu." Chausiku akamgeukia mkuu. "Si ndiye huyu aliyekuapia juzi, ili asistaafishwe, kwamba mimi na yeye tumezaliwa mwaka mmoja?"

Mkuu akamkazia macho Lukindo. "Basi mchana ni wako, mzee, na usiku pia. Nenda kastaafu."